Watu 10 wasiojua, watu 3 wanaojuana

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakaaji wa Kadutu, katika mazungumzo juu ya usalama wa kartie na sheria mkononi. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale hawakuweza kufika.)



Tuliombwa tuseme juu ya usalama. Maneno ya kawaida mnayajua: barabara hazina taa, umeme unakatika, vijana hawana kazi. Yote ni kweli, na sisi tunaosimama hapa ni mfano wake: diplome za iniversite tuko nazo, kazi hatuna, mchana wetu ni mrefu. Lakini leo tunapita njia nyingine. Tutasema juu ya mchezo. Msicheke kwanza.

Katika mchana huo mrefu tumecheza sana lugaru. Mchezo huu ukitaka kuutengeneza vizuri lazima upige hesabu: watu wangapi, wabaya wangapi, nani apewe kazi gani. Hesabu hiyo ndiyo inatuleta mbele yenu. Inaonyesha namna kundi la watu wema linavyoweza kuua mtu asiye na kosa, huku wabaya wakisimama pembeni, ao wakisaidia kubeba mawe.

Kwa wale hawaujui, mchezo ni huu. Watu wanakaa duara. Kila mmoja anapewa karata ya siri. Wengi ni wanakijiji, wachache ni lugaru, yaani watu wanaogeuka wanyama usiku. Mwongozaji anasema: usiku umeingia, kijiji kinalala. Wote wanafumba macho. Lugaru peke yao wanafumbua, wanatambuana bila sauti, wanaonyesha kwa kidole mtu wa kuua. Asubuhi kijiji kinaamka, mmoja hayupo tena. Hapo maneno yanaanza: nani alifanya? Wewe ulinyamaza sana! Wewe ulisema sana! Mwisho wanapiga kura, mwenye kura nyingi anatoka, karata yake inageuzwa wote waione. Halafu usiku tena. Kijiji kinashinda lugaru wa mwisho akitoka. Lugaru wanashinda wakilingana kwa idadi na wanakijiji, maana toka hapo hakuna kura inayoweza kuwatoa.

Mchezo huu ulizaliwa Moscow mwaka 1986. Aliyeutunga, Dimitry Davidoff, alikuwa katika idara ya saikolojia ya iniversite pale, na wabaya wake waliitwa mafia. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin akaweka lugaru mahali pa mafia. Mwaka 2001 Philippe des Pallières na Hervé Marly wakautoa Ufaransa katika boksi, kwa watu 8 hadi 18, na kwa njia hiyo ya Kifaransa ukatufikia sisi. Wenye telefone kubwa waliukuta tena mwaka 2020 katika Among Us. Sisi boksi hatuna. Karata tunazikata katika katoni ya biskuti, na umeme ukikatika tunawasha mshumaa, giza lenyewe linasaidia mchezo.

Mzizi wa mchezo ni mmoja, popote unapochezwa: wachache wanaojua wanapambana na wengi wasiojua. Shikeni hilo.

Kila mtu mpya akija kucheza nasi anauliza lugaru wawe wangapi. Tukisema leo tuko watu 13, lugaru 3, anashangaa: "Aa, mumewaonea lugaru! Kumi juu ya tatu!" Anafikiri kama mtu anayevuta kamba: upande wenye watu wengi unashinda. Wazee wetu nao wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Sasa tupige hesabu pamoja, polepole.

Chukueni watu 3, lugaru 1 na wanakijiji 2. Ni mchana, hakuna anayejua kitu, kura ni ya kubahatisha. Nafasi ya kumpata lugaru ni 1 katika 3. Wakikosea wanabaki wawili, mmoja na mmoja, lugaru ameshinda. Chukueni watu 5. Kura ya kwanza nafasi ni 1 katika 5. Wakikosea, usiku lugaru anaua mmoja, wanabaki 3, na kura ya pili nafasi ni 1 katika 3. Ukiziunganisha, kijiji kinashinda mara 7 katika michezo 15, karibu 47 kwa 100. Watu wakiwa 7, kijiji kinashinda 54 kwa 100. Hapo mchezo uko karibu sawa.

Endeleeni hivyo hivyo mpaka watu 13 na lugaru 3. Je, kumi juu ya tatu wanashinda mara ngapi? Mara 21 katika 100. Lugaru watatu wanashinda mara 79. Hiyo ni kama mchana wote wanabahatisha tu, bila kuhesabu uongo ambao lugaru wanasema wakati wa mabishano, na bila kuhesabu kwamba kura zao tatu zinaenda pamoja huku za wengine zinatawanyika.

Sababu ni nyepesi. Kosa la kijiji linalipwa mara mbili: yule waliyemtoa mchana bila kosa, na yule anayeuawa usiku. Lugaru hawakosei usiku, kwa sababu wanajuana. Kijiji kinapiga katika giza, wao wanapiga wakiona.

Kuna jambo lingine ambalo linawashangaza watu zaidi. Tumesema watu 7 wenye lugaru 1, kijiji kinashinda 54 kwa 100. Sasa ongezeni mwanakijiji mmoja, mtu mwema kabisa, wawe 8. Kijiji kimepata nguvu? Hapana. Kinashuka, kinashinda 45 kwa 100. Hesabuni wenyewe. Watu 7 wanapiga kura wakiwa 7, halafu 5, halafu 3: kura tatu. Watu 8 wanapiga wakiwa 8, halafu 6, halafu 4: ni kura tatu vilevile. Nafasi hazikuongezeka, nyuso za kukosea ndizo ziliongezeka. Mtu mwema mmoja zaidi, asiyejua kitu, amekuja kuwasaidia lugaru bila kutaka.

Na lugaru wakiongezeka kutoka 1 hadi 2, ni wanakijiji wangapi wanahitajika ili mchezo urudi sawa? Mtu atasema mara mbili: kama ni 7 kwa lugaru mmoja, basi 14 kwa lugaru wawili. Siyo. Kwa kubahatisha tu, wanahitajika watu 21 ili kijiji kipite kidogo nusu. Mwaka 2008 wanahesabu watatu, Mark Braverman, Omid Etesami na Elchanan Mossel, walitoa makala juu ya mchezo huu wakionyesha jambo hilo kwa idadi kubwa: kama kijiji hakina mtu wa kuchunguza, watu wakiwa mara nne zaidi, wabaya mara mbili tu wanatosha kushikilia mchezo sawa. Yaani kadiri umati unavyokuwa mkubwa, ndivyo sehemu ndogo zaidi ya wabaya inatosha kuuzungusha.

Mtaona sasa kwa nini tuliona vema kuileta hesabu hii Kadutu.

Sasa, mchezo unasawazishwaje? Siyo kwa kuongeza vichwa. Ni kwa kugawa kazi. Katika boksi la Wafaransa kuna karata chache zenye kazi ya pekee. Kuna mwonaji: kila usiku anaomba kuona karata ya mtu mmoja, na mwongozaji anamwonyesha kweli. Kuna mwenye chupa mbili za dawa, moja inaokoa, nyingine inaua, kila chupa mara moja tu. Kuna mwindaji: akitolewa, anatoka na mtu mmoja. Kuna kapiteni: kijiji kinamchagua, na kura yake inahesabiwa mbili.

Yule mwenye chupa Wafaransa walimwita mchawi, na katika mchezo yuko upande wa kijiji. Sisi jina hilo tuliliondoa, tunamwita muganga. Mnaelewa sababu. Katika muji wetu neno "mchawi" si la kuchezea, hata ndani ya mchezo. Mtu akilipeleka nyumbani kwa mdomo wa mtoto, kesho yake bibi mmoja anaweza kulala nje.

Tuangalie mwonaji, kwa sababu yeye ndiye mzito. Wale wanahesabu wa 2008 walionyesha kwamba kijiji kikiwa na mchunguzi hata mmoja tu, hesabu inageuka: sasa wabaya, ili wawe sawa na kijiji, lazima waongezeke pamoja na watu, hawawezi tena kutosheka na idadi ndogo. Mtu mmoja mwenye habari ya kweli, iliyochunguzwa, ana uzito kuliko kundi zima la wenye hasira. Usiku mmoja, swali moja, jibu moja la kweli: hiyo inatosha kubadilisha mchezo.

Lakini mwonaji peke yake hafiki mbali. Akijitaja asubuhi, jioni lugaru wanamwua. Kwa hiyo anahitaji mlinzi, ndiyo sababu kuna chupa ya kuokoa. Halafu kuna shida ya pili, kubwa zaidi: lugaru naye anaweza kusimama na kusema "mimi ni mwonaji, nimeona, yule ni mbaya". Hakuna karata kwenye paji la uso. Siku waonaji wawili wanasimama, kila mmoja akimtaja mwingine, kijiji kinafanya nini? Tulijifunza jambo moja: tunaandika. Kwenye ubao, chaki, nani alimtaja nani, siku gani, nani alipiga kura wapi, nani alifuata wa pili, nani wa tatu. Karata zikigeuzwa, tunarudi kusoma ubao. Na mara nyingi ubao unasema: aliyeanza kupiga kelele alikuwa mwanakijiji mwenye woga tu. Lugaru alikuwa yule aliyefuata wa pili, kwa sauti ya chini, akisema "hata mimi nilikuwa nafikiri vile".

Na kuna hatari ya upande mwingine. Ukigawa karata nyingi sana za nguvu, wanakijiji wa kawaida wanaacha kufikiri. Wanakaa, wanangoja mwonaji aseme, wanainua mikono. Kijiji cha namna hiyo lugaru anakipenda, kwa sababu anahitaji kudanganya mara moja tu: ajiite mwonaji. Mchezo uliosawazishwa vizuri ni ule ambao mwonaji yupo, lakini neno lake linapimwa.

Sasa tutoke katika mchezo, tuingie barabarani.

Mnajua usiku wetu. Nyumba zimepandana, mbao kwa mbao, kutoka soko ya Kadutu kupanda Nyamugo, Nkafu, Cimpunda. Filimbi inalia, sufuria zinapigwa, watu wanatoka. Filimbi ile ni jambo jema, ni sisi kwa sisi tunalindana, hatusemi iishe. Tunasema juu ya dakika kumi zinazofuata. Mtu ameshikwa, ao hajashikwa, amekutwa tu njiani. Sauti inasema "Mwizi!" Sauti ya pili: "Ni yeye, hata jana nilimwona." Hapo umati ni watu mia moja, wote wema, na kati yao ambaye aliona kwa macho yake labda ni mmoja, labda hakuna. Na kura inapigwa, siyo kwa mkono uliyoinuliwa, kwa jiwe. Halafu pine. Halafu esanse.

Umati ule ni kijiji kisicho na mwonaji. Hesabu yake tumeiona.

Tena barabara ni mbaya kuliko mchezo kwa mambo matatu, na tunaomba mtuelewe hapa zaidi kuliko mahali pengine.

La kwanza: katika mchezo tunajua kuna lugaru, na tunajua ni wangapi, kwa sababu sisi wenyewe tumegawa karata. Barabarani hakuna aliyegawa. Katika watu 13 waliosimama pale, wabaya wanaweza kuwa 3, wanaweza kuwa 1, wanaweza kuwa sifuri. Na lugaru wakiwa sifuri, kila kura, hata ikiwa na umoja namna gani, inatoa mtu asiye na kosa. Hakuna mchezo wa lugaru usio na lugaru. Lakini lawama bila mkosaji ziko nyingi.

La pili: katika mchezo karata inageuzwa. Kijiji kikikosea, kinaona kimekosea, kinajifunza, siku ya pili kinapiga kura vizuri zaidi. Barabarani mtu akishachomwa, nani anageuza karata yake? Hakuna. Asubuhi wanasema "alikuwa mwizi", kwa sababu ameuawa kama mwizi. Kosa halionekani kamwe, na kijiji kisichoona kosa lake hakitajifunza hata kikipiga kura miaka 20.

La tatu hatuna haja ya kulieleza. Mchezo ukiisha, waliokufa wanasimama, tunagawa karata tena.

Na ule mfano wa mwonaji wa uongo si hadithi. Mwaka 2021 habari zilienea duniani juu ya vijiji vya Kivu ya Kusini, Kalehe kati ya vingine: wanawake, wengi wao wazee, walitajwa kuwa wachawi, wengine wakachomwa moto, wengine wakapigwa mpaka kufa. Waliowataja mara nyingi ni wale wanaoitwa bajakazi, wanawake wa vyumba vya maombi wanaosema wana kipaji cha kuona. Tazameni kwa macho ya mchezo. Mtu amesimama: mimi ni mwonaji. Kijiji kimeinua mikono. Hakuna aliyeuliza ubao wake uko wapi, mara ya mwisho alimtaja nani, na nani alifaidi. Kwa sababu nyuma ya lawama ya namna hiyo mara nyingi kuna shamba, kuna kiwanja, kuna deni, kuna mtoto aliyekufa kwa ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeutazama. Hatusemi juu ya imani ya mtu, kila mmoja aombe anavyoomba. Tunasema: neno linalotoa uhai wa mtu lazima lipimwe, hata likitoka kwa nani.

Msiseme hayo ni ya vijijini. Umati wa hapa muji na umati wa kule unatumia kura ya aina moja.

Kuna wanaotujibu, na jibu lao lina uzito, hatutalipita. Wanasema: "Ninyi munasema tu. Mwizi tukimpeleka kwa polisi, asubuhi anaingia, jioni tunakutana naye, anatucheka." Mama mwenye meza, ameibiwa mtaji wote wa juma, ana haki ya kusema hivyo. Hasira yake si upumbavu.

Lakini tumjibu kwa mchezo uleule. Mwizi wa usiku hafanyi kazi peke yake. Kuna aliyemwonyesha nyumba. Kuna anayenunua telefone zilizoibwa. Kuna aliyempa silaha, kama anayo. Hao ndio lugaru wanaojuana. Ukimchoma aliyeshikwa, umefunga mdomo pekee uliokuwa unawajua. Wao wanafurahi. Wakati mwingine sauti ya kwanza kulia "choma" inaweza kuwa yao. Mtu hai anaulizwa maswali, maiti haitaji jina la mtu.

Na juu ya kuachiliwa: hapo tatizo ni kazi isiyofanywa, na dawa yake ni kuidai ifanywe. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inasema kila mtu anayeshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 18 kinasema mtu hawezi kuwekwa kwa polisi zaidi ya saa 48. Zikiisha, ama aachiliwe ama awe mikononi mwa mwenye mamlaka ya sheria. Sasa, kama kartie inampeleka mtu bila karatasi, bila shahidi aliyeandikwa, bila jina la aliyeibiwa, afisa wa mashitaka atashika nini mkononi? Mtu anatoka, na tunasema amenunua njia. Mara nyingine kweli amenunua. Lakini bila karatasi hata hilo hatuwezi kulionyesha.

Basi tunapendekeza nini? Tunapendekeza tuusawazishe umati kama tunavyosawazisha mchezo: siyo watu zaidi, kazi zaidi. Katika kila avenyu wajulikane watu watano, wa kwanza kufika filimbi ikilia. Wawe wanaume na wanawake, na shefu wa avenyu awajue.

Mmoja ni muulizaji. Kazi yake ni swali moja, kwa sauti, mbele ya wote: nani ameona kwa macho yake? Siyo aliyesikia. Aliyeona. Mara nyingi swali hilo peke yake linapunguza umati nusu.

Wa pili ni mwandishi. Daftari na kalamu, ao telefone. Anaandika saa, mahali, nani anashitaki, nani anasema ameona, nani anafuata. Mtu akijua jina lake linaandikwa, mdomo wake unakuwa mzito. Mwenye ushahidi wa kweli hataogopa, na akiogopa wezi wenzake na yule, jina lake linabaki katika daftari kwa siri mpaka lifike kwa mwenye mamlaka.

Wa tatu na wa nne ni walinzi. Wanasimama pande mbili za mshitakiwa, mgongo kwake, uso kwa umati. Ni wawili kwa sababu mmoja anasukumwa. Nao hawamlindi kwa sababu wanamwamini. Wanalinda ile nafasi ya karata kugeuzwa.

Wa tano ni mjumbe. Anakimbia kwa shefu na kwa kituo cha polisi, na harudi bila mtu. Akirudi peke yake, mwandishi anaandika hivyo pia, pamoja na saa.

Mtaona hatukuweka mwonaji. Hatunaye. Katika maisha hakuna mtu anayefumbua macho usiku na kuonyeshwa karata za wengine, na anayesema anaonyeshwa, huyo ndiye wa kuulizwa kwanza. Kazi ya mwonaji tunaigawa: kidogo kwa anayeuliza, kidogo kwa anayeandika, kidogo kwa upelelezi na hakimu. Ni polepole kuliko pine. Ni polepole, ndiyo. Lakini ndiyo njia pekee tunayoijua inayotoa watu wasiojua katika giza.

Na kabla ya kuwapa kazi, wafanye mazoezi. Tuko tayari kuja avenyu kwa avenyu na karata zetu za katoni. Leteni watu 13, vijana kwa wazee. Tutacheza mara ya kwanza bila ubao, bila kazi, kila mtu apige kura anavyojisikia. Mara ya pili tutaweka ubao na mwonaji na mlinzi. Tofauti mtaiona wenyewe, hamtahitaji hotuba.

Kabla hatujamaliza, tunaomba mambo manne, na tunayasema mbele ya wote ili yaandikwe.

Tunaomba mashefu wa avenyu na wa kartie wakubali daftari la matukio, lenye kurasa zilizohesabiwa, na lisomwe mbele ya wakaaji kila mwezi.

Tunaomba polisi wampe kila anayemleta mtuhumiwa karatasi yenye tarehe na saa ya kupokelewa, na familia ya aliyeibiwa ijulishwe mtu akiachiliwa, kwa sababu gani na kwa amri ya nani.

Tunaomba wachungaji, mapadri na maimamu waseme wazi katika ibada kwamba hakuna maono yanayompa mtu haki ya kumtoa mwingine uhai. Sheria yetu ya adhabu inakataza kumpima mtu kwa majaribio ya ushirikina. Watu waisikie pia kutoka mimbarani.

Na kwenu vijana wenzetu, mashomere kama sisi, tunaomba jambo dogo. Katika umati, sisi ndio wengi. Sisi ndio tuna miguu ya kukimbia na mikono ya kurusha. Siku utakaposikia sauti ya kwanza, usiwe sauti ya pili. Uliza nani ameona. Ukipiga kura bila kujua, usidhani umeongeza nguvu ya kijiji. Hesabu tumeifanya pamoja hapa: watu wema wasiojua, hata wakiwa kumi, wanashindwa na watatu wanaojuana.

Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno. Tunalikubali, na tunaongeza maneno machache tu: penye wengi wanaouliza, wanaoandika, na wanaongoja.

Wanaotaka mazoezi katika avenyu yao wabaki kidogo, tutaandika majina na siku.